Deki ya Kilo Kumi na Nne

Niliinunua Pongwe, siku walipouza vya meneja
wa shamba la mkonge aliyekwenda kwao moja kwa moja:
vitanda, jokofu, kitoroli cha chai,
na chini ya meza, imefunikwa kanga iliyopauka,
hii.
Dalali alidhani ni stabilaiza.
Sikumrekebisha. Mungu anisamehe.

Nikaipakata kwenye bajaji hadi Chumbageni
kama mtu aliyetoka kliniki na mtoto wa mwenzake.
Kilo kumi na nne. Niliipima dukani kwa Faki,
kwenye mizani ya choroko.
"Ina nini ndani?" akauliza.
Nikamwambia chuma.
Kimya chake sikumtajia, hakina bei ya kilo.

Binti yangu Zuhena hunitikisia simu:
"Mama, nyimbo zote zimo humu."
Zimo, mwanangu.
Hata bahari imo kwenye ramani.

Baada ya isha nafunga geti, nazima feni,
nabonyeza. Trei inatoka taratibu,
haina papara, kama mkono wa mtu aliyelelewa.
Naweka sidii, inarudi nayo ndani,
inafikiri kidogo,
kisha taa nyekundu, ndogo, punje ya komamanga.
Paka ameshapanda juu ya mfuniko, kwenye joto.
Ndipo ukumbi wa Barabara ya Nne unafunguka sebuleni mwangu:
fidla kushoto, ganuni karibu na kabati la vyombo,
na bibi mwimbaji anavuta pumzi
kabla ya ubeti. Ile pumzi!
Redioni hukuisikia hata siku moja.

Na dakika ya pili, nyuma, mbali na wapigaji,
mtu anakohoa.

Nimefanya kazi Bombo miaka thelathini na moja,
wodi ya kifua. Kikohozi nakijua kama wengine wajuavyo noti.
Kile kilikuwa kikavu, kifupi, kimebanwa na kiganja.
Cha mtoto.
Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Masika ikaja na chumvi yake ya hewani,
deki ikaanza kigugumizi: nime— nime— nime—
Nikamwita Semboja, fundi wa Barabara ya Kumi na Mbili.
Akaifungua. Akatoa sisimizi, akatoa vumbi la Pongwe,
akaitazama kwa muda bila kuigusa.
"Waliounda hii," akasema, "hawakuwa na haraka."
Lenzi akaiagiza Mombasa, kutoka kwenye deki maiti.
Wiki nne nikakaa na redio na kelele zake.

Siku ya kujaribu, nikaweka sidii ileile.
Bisibisi mdomoni, sikio limeinama.
Pumzi. Ubeti. Dakika ya pili.
"Rudisha," akasema.
Nikarudisha.
"Rudisha."
Mara ya tatu akakaa juu ya debe la unga.

"Nilikuwa na miaka kumi na moja.
Kazi yangu kushika waya usiguse ukuta.
Walinipiga kofi, wakasema watakikata kipande hicho.
Sikulipwa hata soda."

"Hawakukikata," nikasema.

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
Mimi, mazoea ya kazi: "Ulikuwa na pumu?"
"Vumbi la mkonge. Baba alikuwa chumba cha brashi,
alirudi nalo kwenye nywele,
tukilala kitanda kimoja."

Bei alinitoza yote. Elfu themanini,
na nauli ya lenzi juu yake. Nami nikalipa yote,
maana punguzo lingetuharibia.

Alhamisi iliyofuata akabisha hodi bila mkoba wa vyombo.
Alitaka tu kuona, eti, kama lenzi imetulia.

Huu mwezi wa tatu lenzi imetulia.
Alhamisi natoa vikombe viwili,
paka anahama kwa shingo upande,
na ikikaribia dakika ya pili
hakuna kati yetu anayegusa kijiko.