Ukope wa Chini

Jumatano ya pili ya mwezi, Kiuyu,
tunatundika mizani kwenye boriti ya banda la skuli.
Kisuruali chake cha bluu, kilichochujuka kwa mikojo,
chaning'inia kikingoja miguu.

Kina mama wako pwani. Maji ni bamvua,
na mwani haungoji kliniki.
Watoto wameletwa na dada zao,
wa miaka kumi na mmoja, kumi na tatu, kumi na nne,
ubavu mmoja umembeba mtoto,
wa pili umeshajifunza kupinda.

Kazi yangu miye ni utepe.
Nauzungusha mkononi, kati ya bega na kisugudi,
nauvuta, nasoma: kijani, manjano,
na ile rangi ya tatu ambayo huitaja kwa kunyamaza.
Shaame, miezi kumi na saba, leo yu manjano.
Mwezi uliopita nilinyamaza.
"Hongera," nikamwambia dada yake, Raya.
Akatabasamu upande mmoja, akaegemea ukuta.

"Wampa nini?"
"Uji wa mtama, nautia pojo za kusaga.
Dagaa namtwangia.
Yai, siku kuku akikumbuka."
"Na weye?"
Akanitazama kama niliyeuliza umri wa ukuta.
"Miye nini?"
"Weye wala nini?"
"Muhogo. Na chai."
Kisha, kwa sauti ya kuokota sindano,
kwamba siku zake humaliza siku ya nane,
na skuli huenda siku ya tisa,
akijaaliwa kuinuka.

Ndoo hapa. Tazama juu.
Nikaushusha ukope wa chini kwa kidole gumba.
Nilitaraji ganda la shokishoki,
nikaona nyama ya dafu.

Utepe wangu haukukatwa kwa mkono wake.
Daftari lina safu ya uzito, safu ya chanjo,
na safu nyembamba ya mwisho: *aliyemleta mtoto.*
Humo ndimo Raya alimo,
mara saba, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
na herufi nzuri.

Mama yake akaja na maji ya chumvi magotini,
kamba za taitai zingali mkononi.
Nikampa karatasi ya kituo, wakampime damu,
nikamweleza habari ya vidonge,
na chai isifuatane na chakula.
"Vidonge hivyo," akasema, "si ndivyo vinavyofunga vizazi?"
"Nilivimeza na mimba ya Kombo.
Kombo ndiye yule, anapanda paa la skuli."
Kombo akapiga mluzi. Hakuna aliyecheka.

Mama alikuwa akimtazama bintiye.
Akafuta kidole kwenye kanga, mara mbili, tatu,
akamshika kidevu, akaushusha ukope mwenyewe.
Akakaa hapo.
Nikasikia mizani ikigongagonga boriti kwa upepo.

"Kumbe," akasema.
Halafu akageuka, akainua uso wake
uliobabuka kwa jua na chumvi,
akaufunua mbele yangu kama mtu aletaye deni.
"Haya. Na miye nitazame."

Sikuandika chochote. Daftari halikuwa na safu.
Nilipoinua macho,
wasichana wote waliokuwa ukutani,
mmoja mmoja, bila kuambiwa,
walikuwa wakiwatua watoto chini.