Jumamosi za Urve

Kipandauso hakimpandi kazini.
Hilo lilimkera Urve kuliko maumivu yenyewe:
wiki nzima vipokea sauti masikioni,
watu wa Tartu wakimpigia roho mkononi,
baba ameanguka bafuni,
gari limetumbukia kwenye barafu ya mto,
mtoto amemeza betri ya saa,
na yeye, kwa sauti ya maji ya mtungini:
"Niambie uko wapi. Anapumua? Hesabu nami."
Kichwa kimya. Kichwa kama jiwe la msingi.

Ila Jumamosi,
theluji imetulia juu ya paa, kahawa inachemka,
hakuna simu, hakuna anayekata roho,
ndipo kinapobisha hodi kwenye jicho la kushoto.
Kwanza zigizagi ya nuru pembeni mwa dirisha,
kisha nusu ya uso wa mumewe inatoweka,
Raivo mwenye shavu moja, akiuliza kwa nusu mdomo:
"Tena?"
Kisha msumari.
Pazia. Ndoo. Kitambaa cha maji baridi,
na harufu ya kahawa iliyogeuka adui.

Daktari Kõiv akauliza kama ana msongo wa mawazo.
Urve alihisi amezabwa kofi la adabu.
"Kwa hiyo nimeyabuni?
Kwa hiyo ninachotapika ni mawazo?"
Shangazi Leida alishamwimbia wimbo huo:
kichwa cha mvivu hakikosi kuuma.

Daktari hakubisha. Alivuta mtoto wa meza,
akatoa daftari dogo la mistari.
"Usingizi, chakula, hedhi, vidonge.
Na pembeni, kuanzia sifuri hadi kumi,
andika siku hiyo umebeba nini."

Miezi mitatu aliandika kama anayejaza fomu ya kodi.
Vidonge: viwili.
Vidonge: vitatu.
Vidonge: sikumbuki.
Daktari akazungushia duara jekundu
siku kumi na tisa za mwezi wa Februari.
Mlinzi uliyemwajiri, akasema,
ameanza kuvunja nyumba.

Na ile safu ya pembeni:
Jumatatu, tisa. Jumanne, tisa. Alhamisi, kumi.
Jumamosi, mbili,
na palepale, juu ya hiyo mbili, msalaba wa maumivu.
"Mzigo unaubeba vizuri sana," akasema daktari.
"Kuutua ndiko hukujui."

Urve akacheka, cheko la mtu aliyekamatwa.
Alikumbuka kisima cha babu kule Võru,
mkono wa chuma wa roda:
ukiuzungusha taratibu, ndoo inapanda,
ukiuachia ghafla, unageuka rungu.
Ülo, kaka yake, alipotezea pale meno mawili.

Basi, sindano ya pajani kila mwezi.
Vidonge vikapunguzwa, na wiki mbili za kwanza
zilikuwa jehanamu yenye mapazia.
Mwanasaikolojia, kijana mwenye soksi za rangi ya haradali,
akamfundisha kutua kidogokidogo:
kila baada ya simu, dakika moja,
vipokea sauti mezani, viganja magotini.

Jumatano moja, katika dakika hiyo,
alimkumbuka yule mtoto wa betri.
Hakuna aliyewahi kumwambia kama alipona.
Yeye hujua mwanzo wa kila hadithi;
mwisho huondoka na ambulensi.
Akalia ukumbini, karibu na mashine ya supu,
akalia hadi supu yake ikaganda,
kisha akarudi kitini:
"Niambie uko wapi."

Usiku akaandika: Jumatano, sita.

Hajapona. Raivo akiulizwa husema amepona,
naye humkanyaga mguu chini ya meza.
Zilikuwa siku kumi na saba kwa mwezi; sasa ni saba,
na hizo saba bado zina meno.

Leo Jumamosi. Amekoroga kahawa,
ameketi mbele ya dirisha bila kuvuta pazia.
Nuru ya theluji inaingia mzimamzima.
Uso wa Raivo una mashavu yote mawili.
Anafungua daftari, anaandika: nne.
Chini yake, kwa kalamu ya risasi:
hakijaja.
Anafikiri kidogo, anaongeza:
au kimechelewa.