Mkebe wa Mapindo

Mkebe wa biskuti chini ya cherehani
una vipande vya suruali zako zote, Tuncay:
ile ya kijivu ya shule,
ile ya jinzi uliyoimwagia rangi,
ile nyeusi ya mazishi ya mama yako.
Sentimita nane. Saba na nusu. Nane.
Miaka kumi na minne nakukatia mapindo
na sijatupa hata moja.
Fundi hatupi kitambaa.
Sikujua kwamba nilikuwa natunza deni.

Jana umeileta karatasi ya hospitali ya Istanbul
ukailaza juu ya meza ya kukatia, kati ya chaki na mkasi:
Baba, wewe unajua hesabu. Nipigie.

Basi nimepiga, nyuma ya kitabu cha wateja.
Kuvunjwa miguu miwili, kwa utaalamu, ukiwa usingizini:
bei ya duka hili pamoja na vyerehani vyote viwili
na mashine ya vifungo ambayo bado nadaiwa.
Chumba cha kupanga karibu na hospitali, miezi minne.
Mtu wa kukunyoosha kila asubuhi,
maana mfupa ukiamua kurefuka
msuli haukuulizwa.
Mshahara wa dukani kwenye simu: hakuna.
Maumivu: hapo sikuandika tarakimu,
nimeacha mstari mtupu, kama walivyouacha wao.

Kisha yale maandishi madogo yaliyonitafutisha miwani.
Mfupa waweza kukataa kuunga.
Usaha waweza kufuata njia ya chuma.
Mshipa wa fahamu ukivutwa mno
nusu ya unyayo huisahau sakafu.
Hutokea kwa wachache, wameandika.
Wachache ni akina nani?
Mimi wateja wangu wachache nawajua kwa majina.

Na kuna jambo daktari hatakwambia
kwa kuwa yeye hashoni makoti:
mikono itabaki ileile.
Nitakushonea suti, watu watakusifu,
nami nitaona mkono wa koti ukiishia juu, pale pale,
na mguu ukiendelea peke yake.
Mtu hujikuna ajipatapo;
wewe utakuwa umeuhamisha muundi mbali na kucha zako.

Lakini sikuwa kipofu siku ile Kütahya.
Tumekwenda kumposa Nilgün,
kahawa imekuja, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu,
na mjomba wake akasema, Inuka basi kijana, tukuone.
Nawe ulikuwa umesimama.
Walicheka.
Nami nilicheka, Tuncay.
Kwa adabu ya ugenini, sekunde moja, labda mbili.
Ulinitazama, kisha ukatazama kahawa.
Hilo nalo nimeliandika, ukurasa wa peke yake,
na sijui niliweke upande wa kutoa
au upande wa kujumlisha.

Umesema chuma cha nje ni nafuu kuliko cha ndani ya uboho.
Kina ufunguo. Mtu huuzungusha,
robo milimita, mara nne kwa siku.
Unataka mtu huyo niwe mimi
kwa sababu mkono wangu hautetemeki.
Robo milimita naijua: ni nyuzi mbili za pamba zikilaliana.
Lakini kitambaa hakijawahi kunitazama usoni
nikiwa nakivuta.

Usiku huu taa ya dukani imewaka hadi tramu ya mwisho.
Nimevipanga vipande mezani, kijivu juu ya kijivu.
Havitoshi kushona hata suruali ya mtoto.
Kisha, sijui kwa nini,
nimekanyaga ncha ya futi kwa kisigino,
nimeivuta mgongoni hadi utosini,
nikaishika pale kwa kidole nikageuka kusoma.
Nimeupima nusu ya mji huu, mabega, viuno, mapaja;
mwili wangu sikuwahi kuuliza.

Mia moja sitini na mbili.
Na viatu sijavua.

Kesho usiende benki
kabla hujapita hapa kunywa chai.