Bukari Uliolala

Masengo, bukari umelala.
Umelala ndani ya sufuria, chini ya sahani ya bluu,
umejivutia ngozi yake juu kama mzee na blanketi,
na mimi ndiye niliyebaki macho.

Siku ya nne hii tangu upande basi la Kolwezi
kumpokea mjukuu ambaye bado hajaamua kuja.
Mkono wangu haujui kupunguza.
Miaka thelathini na sita ulisonga wa watu wanane,
na jana, peke yangu hapa Katuba,
nikasonga wa watu wanane:
mwiko ulikuwa unakumbuka, mimi nikaufuata tu.

Sombe nayo ilibaki. Hiyo sikuihofia.
Sombe ya jioni ni mgeni, haijazoea nyumba;
ya asubuhi imeshajua viti viko wapi,
kapenta wamelainika,
mawese yamepanda juu yakatulia.
Niliila nimesimama mlangoni, kwa kijiko cha kupakulia.
Usimwambie mtu.

Lakini bukari baridi!
Mgumu kama mawe ya relini
niliyoyakanyaga ujana wangu wote kwenda Tenke na kurudi.
Kuutupa siwezi.
Mama angefufuka kule Kipushi, aje kwa miguu, anisute.
Nikakupigia.

Ukacheka kwanza, nusu ya yuniti zikaenda na kicheko.
Kisha: “Uvunjevunje kwa vidole, usitie kisu.
Kuna ndizi tatu juu ya kabati, zimekuwa nyeusi.
Usiziogope, weusi wao ndio sukari.
Ziponde humo humo. Chumvi, ya vidole viwili.
Halafu unga wa ngano, vijiko vi—”

Vi.

Simu ikawa kipande cha plastiki.

Nikakaa kwenye kigoda, nikafikiri kama karani.
Sita si jibu, wala saba: hazianzi na vi.
Tisa imetoka. Kumi imetoka.
Kimoja ungesema kijiko.
Vimebaki viwili, vitatu, vinne, vitano, vinane,
na wewe uko Kolwezi, mdomo bado umeufungua nusu.

Nikaanza na viwili,
kama mtu anayeingia mto asioujua.
Mbabula ilinitesa: makala yamenyeshewa,
umeme haujarudi tangu Jumamosi,
nikapepea kwa kifuniko cha ndoo mpaka bega likaniuliza umri.
Cha kwanza kilisambaratika katika mafuta, kikawa uji wenye hasira.
Nikaongeza cha tatu.
Cha pili kiliungua nje, ndani bado usingizini.
Nikaongeza cha nne, nikapunguza moto,
na hapo, Masengo,
kitu cha mviringo kikageuka chenyewe,
kikanionyesha tumbo lake jekundu kama udongo wa uani.

Harufu iliruka ukuta kabla yangu.
Kyungu na Kabange, mapacha wa jirani, wakatokea.
Hawakuomba. Walisimama tu, wakinusa kwa adabu.
Nikawapa juu ya karatasi ya daftari,
mafuta yakafuta hesabu za mtu.
Kabange akameza, akauliza:
“Mzee, hii inaitwaje?”
Nilikuwa na neno moja tu kutoka kwako.
Nikasema: “Vi.”

Basi tangu saa tatu sijapumzika.
“Mzee, vi ingine.”
“Mzee, na dada anataka vi.”
Bukari wa watu wanane umekwisha,
nimeukwangua hata ukoko.

Kimoja nimekuwekea, chini ya sahani ya bluu.
Najua utachelewa, watoto wa kwanza hawana haraka.
Utakikuta kimelala, kigumu, pengine kimenuna.
Kiamshe mwenyewe, mimi nimefika mwisho wa ujuzi wangu.
Kisha kaa hapa, kwenye kigoda hiki,
umalizie lile neno.
Vingapi?