Waya wa Mita Kumi na Saba

Wanaosema ukuta una masikio
hawajalala katika nyumba hii ya Hiiumaa,
aliyoijenga babu wa mume wangu kwa mawe ya chokaa
yenye unene wa mkono wangu, begani hadi kidoleni.
Ukuta huu ni kiziwi.
Ulizaliwa kiziwi, wala hauoni haya.

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kituo cha redio ya meli
nikichambua sauti za manahodha
kama mtu achambuaye mchele gizani.
Niliiamini hewa. Hewa ilinilisha.
Basi Taavet alipoleta kile kijisanduku cheupe,
lango la vihisi, akakitua juu ya kabati la vyombo,
akasema, "Mama, hakitaki waya hata mmoja,"
nilimwelewa kuliko alivyojielewa.

Kihisi cha banda la kuku. Kihisi cha tangi la mafuta.
Na kimoja cha bomba, kule chini ya sakafu,
kidogo kama kifungo cha koti,
kinakesha na nyuzi za joto, kinazihesabu.

Vilisema, nakwambia. Vyote vilisema,
na kijisanduku kilisikia kila neno.
Ila kilipotaka kunifikishia habari
kwa wayfai, kupitia ukuta, kupitia mikrowevu ya supu yangu,
maneno yalimezwa na chokaa.
Kitaa chake kikawa cha chungwa, kikapepesa,
kama mtoto aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Usiku wa tarehe tisa Februari,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
kihisi cha bomba kiliita mara arobaini.
Nilizisoma baadaye, zimepangwa dakika kwa dakika:
baridi, baridi, baridi mno,
maji.
Nami juu nimelala, simu chini ya mto.

Endel wa jirani alikuja na keekee ndefu kama mkuki.
Tulitoboa tangu kifungua kinywa hadi saa nane.
Vumbi likaingia kwenye siagi, kwenye nywele,
na katikati ya ukuta, naapa, lilinuka bahari.
Endel akatoa kipande, akakifuta kwa kidole gumba:
kigamba cha konokono aliyekufa kabla hapajawa na neno.
Nimekiweka dirishani. Hakifanyi kazi yoyote.

Tukapitisha waya. Ukaingia tundu lake: *tak*.
Kitaa kijani. Endel akapiga makofi.
Kisha simu ikaniambia: kifaa hakipatikani.

Hapo nilicheka, maana hilo nalijua.
Kilipohamia kwenye waya kilipewa anwani mpya,
simu yangu bado ikibisha mlango wa zamani.
Hata benki bado inamwandikia Vello
kumuuliza kama anahitaji mkopo.
Nikabadilisha tarakimu, nikaizima wayfai ya kijisanduku,
nikaita, kama nilivyowaita manahodha.
Kikajibu kabla sijaondoa kidole.

Taavet ameona picha. Waya mweupe umezunguka fremu ya mlango,
misumari mingine imepinda,
anauliza kama hauharibu sura ya nyumba.
Unaharibu.

Lakini sikuisaliti hewa, usinisingizie.
Vihisi bado vinanong'ona humo, kila kimoja na betri yake;
ni mjumbe tu niliyemfunga kamba kiunoni
ili akianguka njiani nijue ameangukia wapi.

Sasa ni saa kumi na mbili na dakika kumi, giza bado.
Simu inatetemeka juu ya meza:
*Banda la kuku: mlango wazi.*
Ni Endel na ndoo yake, au ni mbweha.
Waya haujui tofauti.
Navaa viatu.