Ngazi ya Maarika

Huko Tartu, theluji ikipukutika nje ya dirisha,
Maarika alichora ngazi isiyo na miguu:
vidato kumi na vinne vya mwaloni,
kila kimoja kimechomoza ukutani
kama ulimi wa mtoto mtundu.

Mwenye nyumba, Uku, mstaafu wa posta,
aliizunguka mara mbili,
akainama, akapitisha mwavuli chini yake.
"Nguzo iko wapi?"
Maarika kimya. Akawasha taa,
kivuli kikaachana na ubao, upana wa kiganja,
na mbao zikaanza kuelea.

Hakumwambia habari za wiki tatu za kutoboa,
za vyuma vinene kama kidole gumba
vilivyozikwa dhiraa nzima ndani ya matofali,
wala za bega la Jaagup, fundi wake,
ambalo hadi leo halinyanyuki kuvaa koti.

Uku akavua viatu.
Akapanda kwa soksi, polepole, kama anayenyatia,
na kwenye kidato cha tisa akacheka peke yake:
"Sina uzito!"

Ukuta haukusema kitu.
Jaagup, mlangoni, alikuwa akifunga vifungo
kwa mkono mmoja.