Kadi ya Helve

Chumba kimoja, ghorofa ya pili, mjini Tartu,
juu ya fundi viatu asiyependa kusalimiwa.
Kitanda kimoja, taa yenye shingo ndefu,
birika, taulo kumi na mbili,
na mimi, Maarika: mpokea simu, mfagiaji,
mhasibu wa senti, mwenye mikono.

Januari hapa jua huchungulia saa tatu,
saa kumi limeshachoka.
Nje upepo, ndani joto kavu la mabomba;
nyuso za watu hupasuka kama rangi ya dirisha.

Nilipoanza niligawa vocha:
lete rafiki, ulipe nusu.
Waliletana kweli.
Walikuja na bei, wakaondoka na bei.
Chema chajiuza, wasema watu.
Labda. Lakini chajiuza polepole,
na kodi ya chumba hutembea mbio.

Nina kopo la biskuti, limejaa kadi.
Siandiki ngozi tu. Naandika:
Urve, shingo yake haitaki mto mrefu.
Kaupo wa malori anaona haya,
mpe miadi ya jioni, ngazi zikiwa tupu.
Leida akinyamaza, nyamaza.
Helve, sikio la kushoto halisikii. Kaa kulia.

Helve alikuja mara ya kwanza na mfuko wa chupa,
akazipanga mezani kama mashahidi, kumi na moja,
uso wake unawaka.
"Niambie ninunue ipi ya kumi na mbili."
Nikamwambia hakuna.
Acha kumi. Hii moja, usiku,
kiasi cha punje ya njegere.
Siku hiyo sikuuza kitu,
na mwenye nyumba alikuwa anakuja Ijumaa.

Alirudi baada ya wiki sita.
Akarudi miaka minne, kila Jumanne ya pili.

Kisha mtaa wa nyuma wakafungua saluni ya vioo,
mashine zake zinapumua mwanga wa samawati,
na Helve akapotea.
Novemba. Desemba.
Kidole changu kilifika tarakimu ya mwisho ya namba yake,
kikashuka.
Kadi yake niliishika juu ya kikapu cha taka
nikairudisha koponi,
nyuma ya Eevi,
ambaye hakurudi hata mara moja, na sijui kwa nini.
Nimepitia kila neno nililomwambia Eevi
kama mtu atafutaye sindano zuliani
kwa miguu mitupu.

Machi, theluji ikiwa uji barabarani, mlango ukagongwa.
Skafu hadi puani.
Alipoifungua, mashavu yamebabuka:
tindikali, na mtu mwenye haraka.

Nilikuwa na sentensi moja tayari,
nimeinoa tangu Desemba.
Niliimeza. Ilikuwa na miba.
Nikazunguka kitanda, nikavuta kigoda,
nikakaa upande wa kulia.

"Kumbe unakumbuka," akasema,
macho ameyafumba.

Maji ya vuguvugu. Pamba. Hakuna kingine,
ngozi ile ilikuwa imeshaambiwa mengi.
Nilimtoza bei kamili, naye akalipa kamili,
akasimama mlangoni akifunga vifungo vya koti,
akafunga kimoja mara mbili,
akauliza kama Jumanne bado ni yake.

Chini, fundi anagonga kisigino cha mtu.
Mikono yangu mwenyewe imechanika vifundoni,
huwa nasahau kuipaka.
Nachukua penseli, chini ya jina lake naandika:
Machi. Amerudi.
Usimuulize.